Mkubwa na Mdogo kwenye Njia ya Kitai: Mafundisho Jamii ya Kanisa huko Mbinga na Nyasa

Kitai ni njia panda. Lami inayotoka Songea kupitia Peramiho huendelea hadi Kigonsera na Mbinga. Mkono mwingine wa barabara huelekea Ruanda na kuteremkia Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Pana gereza hapo, pana maduka na vijiwe vya bodaboda, na tangu makaa ya mawe ya Ngaka yaanze kuchimbwa mwaka 2011 pana malori. Abiria wengi wa basi la Mbinga hawashuki. Hata hivyo, katika muda usiofika miaka 150, njia hii imepitiwa na karibu kila jambo linalozungumzwa na Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki: utumwa, kodi, manamba, ushirika, ujamaa, kahawa iliyouzwa kabla haijaiva, na sasa madini. Historia hiyo husimuliwa kwa vipande, Majimaji kivyake, kahawa kivyake. Ukiiunganisha, swali moja linajitokeza kila kizazi: kazi, shamba na akiba ya mtu mdogo, nani ana haki ya kuviamulia?

Wamatengo walikuwa na jibu lao kabla padri yeyote hajafika. Katikati ya karne ya 19 uvamizi wa Wangoni uliwasukuma juu milimani, wakabanana kwenye miteremko mikali ambako mvua moja ingetosha kusomba shamba zima. Hapo ndipo ngoro ilipothibitisha thamani yake. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo na kuufunika juu ya majani hayo, na mlima mzima hubaki umejaa mashimo yanayonasa maji na kuozesha mbolea. Mahindi na maharage hupokezana. Ardhi iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima uliozungukwa na mabonde na vijito, na watu wa ukoo mmoja walikaa hapo. Jioni walikutana kwenye sengu: walikula pamoja, wakasuluhisha magomvi, wakapanga kazi, vijana wakasikiliza. Tusiipambe sana. Mashimo ya ngoro yalichimbwa na wanawake, na sauti iliyosikika kwenye sengu ilikuwa ya wazee wa kiume. Lakini mambo ya ntambo yaliamuliwa na watu wa ntambo, bila kumngoja mtu wa mbali.

Huko Roma, Mei 15, 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum kuhusu hali ya wafanyakazi. Ulaya ya viwanda ilikuwa inatafuna watu. Papa alisema mshahara hauwezi kuachiwa mapatano ya mwenye shibe na mwenye njaa. Lazima umtoshe mfanyakazi kuishi kama mtu. Alitetea haki ya mtu kumiliki mali, akaukataa usoshalisti wa siku zile, akatetea vyama vya wafanyakazi, akaikumbusha serikali kwamba tajiri anaweza kujilinda mwenyewe ila maskini anaitegemea. Waraka huo ndio wote huutaja kuwa chimbuko la Mafundisho Jamii. Husahaulika kwamba miezi sita kabla yake, Novemba 20, 1890, Papa huyo huyo alitoa waraka mwingine, Catholicae Ecclesiae, dhidi ya utumwa barani Afrika, akaagiza sadaka ya Epifania ikusanywe kila mwaka kwa ajili ya kuupiga vita. Msomaji wa huku ana haki ya kuanzia huo wa 1890. Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi hii ya Ruvuma, na swali la kazi lilifika hapa likiwa na mnyororo shingoni.

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884, walifika pwani mwaka 1888. Kituo chao cha kwanza, Pugu, kilivunjwa katika vita vya mwaka uliofuata. Mwaka 1898 Padri Cassian Spiss alifungua Peramiho, na mwaka 1899 ikafuata Kigonsera, jirani kabisa na Kitai. Walikuja na Injili, dawa, mbegu na mafundi. Lakini walipita mlango ule ule alioupita mtoza kodi. Kodi ya kibanda ilianza mwaka ule wa 1898. Mwaka 1902 jeshi la Wajerumani lilipigana na Wamatengo huko Litembo. Kwa mwanakijiji, Mzungu mwenye msalaba na Mzungu mwenye bunduki hawakuwa rahisi kutenganishwa, na wamisionari wenyewe hawakuhangaika sana kuwatenganisha.

Matokeo yalionekana mwaka 1905, katika vita vya Majimaji. Mwezi Agosti, Cassian Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa pamoja na wamisionari wenzake wanne karibu na Liwale. Mwezi Septemba Peramiho ilichomwa moto. Kisha serikali ikalipiza. Februari 27, 1906, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, naye alinyongwa. Padri Johannes Häfliger wa Kigonsera aliwabatiza wengi wao kabla ya kitanzi. Ubatizo huo husimuliwa kama tendo la huruma, na sina sababu ya kuutilia shaka moyo wa padri. Ila huruma iliyofika mlangoni mwa kifo haikuwa imefika kwa sauti ile ile kwenye kodi, kwenye kazi ya lazima, wala kwenye mashamba ambayo jeshi liliyateketeza makusudi hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mafundisho ya mwaka 1891 yalikuwa yameandikwa tayari. Hayakuvuka bahari.

Haki itendeke: aliyepaza sauti mapema kuhusu kazi ya shuruti hakuwa Mkatoliki. Mwaka 1920 Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alichapisha kijitabu kikali dhidi ya sera ya Waingereza ya kuwalazimisha Waafrika kuwafanyia kazi walowezi. Kanisa lake ndilo ambalo ukanda wa ziwa wa Wanyasa, Liuli na kandokando yake, umelifahamu tangu enzi za misheni ya Likoma.

Chini ya Waingereza, Ruvuma iligeuzwa kuwa bohari la watu. Kulikuwa na kodi ya kulipa, hakukuwa na reli, na zao la kuuza lilikuwa dogo. Basi vijana wakauza walichonacho, yaani mikono. Waliandikishwa wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakipewa kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila siku ya kazi iliyokubaliwa na msimamizi. Siku ambayo msimamizi hakuiridhia haikuhesabiwa. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichosomba watu kwa malori na treni. Rerum Novarum inasisitiza kwamba kijana wa kazi ana familia nyuma yake na mshahara wake uitazame familia hiyo. Manamba alilipwa kama mseja aliyetoka porini, na familia ikabaki Ruvuma ikilimiwa na mama. Parokia zilijaa kina mama na watoto. Ukitaka kujua kwa nini wanawake wa huku ndio uti wa mgongo wa kila kikundi cha kanisa, sehemu ya jibu imo kwenye kadi zile.

Mwaka 1931, miaka 40 baada ya Leo, Papa Pius XI alitoa waraka wa Quadragesimo Anno. Humo ndimo kanuni ya auni ilipowekwa bayana: jambo ambalo familia, kijiji au chama kidogo kinaliweza, chombo kikubwa kisilinyakue, na pale mdogo anapozidiwa, mkubwa ana wajibu wa kumwauni, kisha amwachie tena. Pius alikuwa akizitazama dola za Ulaya zilizotaka kumeza kila kitu. Bila kujua, alikuwa ameandika kipimo ambacho Ruvuma ingepimwa nacho kwa miaka 90.

Kipimo cha kwanza kilikwenda vizuri. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitoka mwaka 1932, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa kifupi kama NGOMAT, kuuza tumbaku. Huko Umatengo kahawa ilikuwa imeanza kupandwa miaka ya 1920. Kwa mara ya kwanza kijana angeweza kulipa kodi na kujenga nyumba ya bati bila kupanda lori la SILABU. Peramiho nayo, iliyofanywa abasia yenye mamlaka yake mwaka 1931, ilijenga hospitali, shule, karakana na mtambo wa uchapaji. Ndiyo sifa yake kubwa hadi leo. Lakini hesabu, funguo na maamuzi yalibaki mikononi mwa watawa wa Ulaya kwa muda mrefu. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu huko, James Komba, aliipokea Songea mwaka 1969. Misheni ilijua kuhudumia kuliko ilivyojua kukabidhi.

Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla chama cha TANU hakijazaliwa, maaskofu wa Tanganyika walitoa barua ya pamoja iliyokataa ubaguzi wa rangi na kutetea haki ya Mwafrika katika ardhi, kazi na utawala wa nchi yake. Ilikuwa barua ya adabu sana. Lakini miaka miwili baadaye mwalimu wa shule ya Kikatoliki ya Pugu, Nyerere, alipoacha kazi ili aongoze siasa, hakuwa anakwenda kinyume na mafundisho aliyofundishwa.

Hapo tunafika Litowa, na hapo napenda kukaa kidogo.

Litowa iko wilaya ya Songea, si mbali na Peramiho. Mwaka 1960 kikundi cha Umoja wa Vijana wa TANU, kikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kiliingia porini kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilikwama kwa njaa, wakarudi tena. Baadaye akajiunga nao Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa ameishi kwenye shamba la pamoja la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, akawa mshauri. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo viliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia mwaka 1969 vilikuwa 17 hivi. Hakuna aliyelazimishwa. Kila kijiji kilipanga kazi zake katika mkutano wa wanakijiji, kikagawana mapato kadiri ya makubaliano yake. Walinunua mashine ya kusaga Songea, wakawa na kiwanda cha mbao. Shule ya Litowa iliwafundisha watoto kuchanganya kalamu na jembe kabla Mwalimu Nyerere hajaandika juu ya elimu ya kujitegemea. Nyerere alivipenda vijiji hivyo, na alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 alikuwa na mfano hai mbele ya macho.

Mwaka huo huo wa 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, na wiki saba baadaye, Machi 26, Papa Paulo VI akatoa Populorum Progressio, waraka uliosema maendeleo ni ya mtu mzima na ya watu wote, na kwamba mali binafsi si haki isiyo na mpaka. Wakatoliki wengi wa Tanzania walizisoma sauti hizo mbili kama wimbo mmoja. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi mwenyewe katika kijiji cha ujamaa.

Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali yake ilichukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, washauri wa kigeni wakaondoka. Kosa halikuwa uvivu wala ubepari. Kosa lilikuwa kwamba wanavijiji walizoea kuamua wenyewe, na viongozi wa mkoa na wa chama walikuta watu ambao hawakungoja maagizo. Kuanzia hapo kijiji kingeendelezwa na chama, na katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 watu wengi nchini walihamishwa kwa nguvu. Mwezi Oktoba 1970, mwaka mmoja tu baada ya marufuku, Nyerere aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki uasi dhidi ya mifumo inayowafunga watu katika umaskini litakosa maana mbele yao. Ni hotuba kubwa, na bado inauma. Mimi huisoma nikimfikiria mkulima wa Litowa. Nyerere aliielewa haki kuliko viongozi wengi wa kizazi chake. Auni ndiyo iliyomshinda, au tuseme chama chake ndicho kilichomshinda yeye.

Kanisa nalo halikusimama upande wa Litowa. Lilikuwa na shughuli zake: shule zake zilikuwa zinataifishwa. Kigonsera, alikopata kusoma Benjamin Mkapa ilipokuwa seminari, leo ni sekondari ya serikali. Baada ya mizunguko mingi, mwaka 1992 serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika afya na elimu, na hospitali kama Litembo, iliyo chini ya Jimbo la Mbinga lililoundwa Desemba 1986, zinaendelea kutibu watu ambao barabara ya kwenda hospitali nyingine ingewaua.

Kahawa ilipitia misukosuko ile ile. Mwaka 1976 serikali ilifuta vyama vikuu vya ushirika kwa tamko moja. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha, na Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Lakini ushirika uliorudi ulikuwa umeumbwa kutoka juu. Mwaka 1989 mgao wa dunia wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990 MBICU ilianguka na madeni yake. Wakulima waliokuwa wakipewa mbolea na dawa kwa mkopo walijikuta hawana pa kukopa. Ndipo magoma yaliposhamiri. Kwa wasiojua: mkulima ana mgonjwa, au mtoto amechaguliwa sekondari, na ni Januari. Mwenye fedha anamkopesha, naye anaahidi kulipa kwa kahawa ya msimu ujao, kwa bei iliyokubaliwa leo, ambayo huwa sehemu ndogo tu ya bei ya mnadani. Kagera wanaita butura. Msimu unapofika, kahawa inayoanikwa uwanjani si yake tena. Leo XIII aliitaja riba ya uchoyo katika kurasa za mwanzo za waraka wake, na nadhani hakuna sehemu ya waraka ule ambayo mkulima wa Mbinga angeitambua upesi zaidi.

Mwaka 2018 serikali iliamuru kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Inasaidia bei, lakini haimpi mtu ada ya shule ya mwezi Januari. Akiba ya karibu ndiyo ingeweza, na hapa Mbinga ilijaribu. Benki ya wananchi wa Mbinga ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, benki ya wilaya, yenye fedha za watu wa hapo. Mei 2017 Benki Kuu iliifungia kwa upungufu wa mtaji, na wenye amana wakahakikishiwa fidia isiyozidi shilingi 1,500,000 kila mmoja. Sheria ya mtaji ina sababu zake. Benki dhaifu hula akiba za maskini. Lakini hapo ndipo nusu ya pili ya kanuni ya auni, ile isiyonukuliwa sana, inapohitajika. Mdogo akizidiwa, mkubwa hutakiwa kumwinua kabla ya kumfunga.

Sasa makaa. Mwaka 2016 serikali ilizuia uagizaji wa makaa ya mawe kutoka nje, na viwanda vya saruji, hata cha Dangote kule Mtwara, vikaitazama Ngaka. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 na Ulaya ikahaha kutafuta nishati, makaa ya Ruvuma yalipakiwa bandarini Mtwara kwenda ng'ambo. Lami ya Peramiho hadi Mbinga, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC, ilikuta mzigo mzito kuliko magunia ya kahawa. Papa Francis, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliandika kwamba nishati chafu, hasa makaa ya mawe, inapaswa kuachwa hatua kwa hatua bila kuchelewa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nchi zilizotajirika kwa makaa ndizo zilizokuja kuyanunua Mtwara zilipobanwa, na Francis mwenyewe aliandika juu ya deni la kiikolojia kati ya kaskazini na kusini. Kijana wa Ruanda aliyepata kazi ya kupakia lori hawezi kuambiwa habari za hewa ya dunia kabla ya kuambiwa habari za mkataba wake, barakoa yake na vumbi linalotua kwenye mboga za mama yake.

Sheria inampa pa kuanzia. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri. Halmashauri hutoza pia ushuru wa huduma. Maamuzi hayo hufanywa wilayani, na karatasi zake ni za wazi kwa atakayeziomba. Maaskofu wa Tanzania wamejua kusema mambo makubwa: Kwaresima ya 2018 walionya juu ya kubanwa kwa siasa, na Agosti 2023 walitoa tamko zito kupinga mkataba wa bandari. Tamko la taifa zima huandikwa magazetini. Mpango wa mchimbaji na halmashauri haumpi mtu sifa yoyote, na ndiyo maana hausomwi.

Mei 2025 kardinali aliyechaguliwa kuwa Papa alijiita Leo XIV, akaeleza kwamba anamkumbuka Leo wa Rerum Novarum kwa sababu akili bandia inaleta mapinduzi mengine ya kazi. Huko vijijini mapinduzi hayo yamekwisha kufika, ila hayana sura ya roboti. Yana sura ya mkopo wa simuni, ule watu wanaouita kausha damu, unaotolewa kwa dakika chache na programu isiyojua kama kahawa yako imeshika ugonjwa. Ni magoma yaliyopoteza uso. Mwenye magoma angalau alikuwa jirani, ungeweza kumwendea na mzee mmoja wa kumsihi.

Ujirani wa namna hiyo unaweza kufufuliwa. Huko Kindimba, kijiji cha Mbinga, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliposhirikiana na wanakijiji mwishoni mwa miaka ya 1990, waliifufua sengu kwa sura mpya, kamati ya kijiji ya kujadili mambo yake. Kikajengwa kinu cha kusaga kwa nguvu ya maji. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele tangu miaka ya 1970, hukutana kila wiki katika kila kitongoji kutoka Kitai hadi Lituhi. Husali, hutembelea wagonjwa, huchanga ya msiba. Zina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari. Mikopo ya Januari ingeweza kuanzia kwenye daftari hilo, na mpango wa makaa ukasomwa kwa sauti baada ya sala ya mwisho, kabla watu hawajatawanyika.